Kompyuta Tatu Ndani ya Shuka la Hospitali

Kaka Bahati,

Juzi nilimpiga mtu nyundo ya bega. Nilikuwa nimelenga kichwa. Ni ile nyundo yako ndogo yenye mpini wa bluu, uliyokuwa ukigongea vibano vya nyaya ukutani, na mkono ulioishika ni huu huu uliokuwa ukiucheka kwa kutojua kushika bisibisi. Naanza na hilo kwa sababu hasira zangu unazijua, na sitaki habari hii uletewe na mtu mwingine.

Miezi minne umelala kwenye udongo wa ugenini na sijakuandikia hata mstari mmoja. Sikuwa na uso. Mtu anaanzaje kumpa pole marehemu wakati anajua kilichomuua? Leo nimekaa dukani kwetu Kisenyi, hapa Kampala, ni asubuhi, mlango nimeufunga nusu, majirani wa gereji wanagonga mabati yao kama kawaida, na nimejikaza. Nitakueleza yote tangu mwanzo, hata yale uliyoyaona mwenyewe, maana mengine hukuyaona. Ulikuwa chini.

Unaikumbuka kazi yenyewe. Ile hospitali binafsi ya Kansanga ilikuwa na kompyuta arobaini, na walikuwa wamenunua seva mpya. Tulitakiwa kuzitoa kompyuta zote kwenye domeini ya zamani na kuziingiza kwenye mpya. Siku yangu ya kwanza kwako, mimi mpiga chapa niliyetoka kwenye kibanda cha intaneti, uliniambia domeini ni nyumba yenye mwenye nyumba mmoja: kila kompyuta inayoingia inatambuliwa mlangoni, na funguo zote anazo yeye. Mafundi wengine huzunguka meza kwa meza wakibofya siku nzima. Wewe uliiona hiyo ni kazi ya punda. Uliandika skripti, mistari kumi na kitu ya amri tupu, ikawa tunakaa mahali pamoja tunaziita kompyuta kwa majina yake nazo zinaitika kutoka vyumbani: toka huku, ingia kule, jizime, amka.

Ila ulikuwa na sheria zako, na ulikuwa mbishi nazo kuliko kadhi. Saa kwanza. Kompyuta ambayo saa yake imepotea kwa zaidi ya dakika tano seva inaikataa, kwa hiyo ulitembea na boksi la kiberiti kwenye mfuko wa shati, limejaa zile betri bapa za duara zinazotunza saa ya kompyuta. Kisha akaunti ya ndani. Kabla ya kuitoa kompyuta popote, hakikisha akaunti yake yenyewe imefunguliwa na neno lake la siri unalo, isije ikabaki nje bila wa kuifungulia. Na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya chai. Uliijaribu skripti kwenye kompyuta moja tu, halafu ukafungua chupa yako ya chai ya tangawizi, ukamimina vikombe viwili, tukanywa taratibu mpaka ile kompyuta iamke na kumkubali mtu. Ndipo tukaendelea na nyingine. Ulisema kwa Kiswahili chako cha Bukavu, Kongo, chenye "njo" badala ya "ndiyo" na "ba" badala ya "wa": "Moja kwanza, dada. Kunywa chai. Ikiamuka muzuri, njo unaita zingine."

Nilikuwa nakutania. Nilisema ungekuwa daktari, wagonjwa wangekufa kwenye foleni wakikusubiri umalize kikombe. Ulicheka mpaka chai ikakupalia, nikakupiga mgongoni. Nimekikumbuka sana kicheko kile, kwa sababu baada yake nilikuja kuuona mgongo wako ukipigwa na watu wengine.

Siku ile ulikuwa ghorofani kwenye chumba cha seva, mimi nilikuwa chini, mapokezi. Palikuwa na kompyuta tatu. Asubuhi yake nilikuwa nimeichezea skripti yako. Niliona inachelewesha, nikahamisha mistari, ule wa kufungua akaunti ya ndani nikautupa mwishoni. Sikukuambia. Nilitaka ushuke ukute nimemaliza, ujue kwamba mwanafunzi wako amekomaa. Saa nane na nusu nikaziita zote tatu kwa pamoja. Na skripti ilinionya, Kaka. Iliniandikia kwamba nikiitoa kompyuta hii kwenye domeini nitahitaji neno la siri la akaunti yake ya ndani, je, niendelee? Nikabonyeza Y. Ikauliza juu ya ya pili, nikabonyeza Y. Ya tatu, Y. Chupa ya chai ilikuwa mezani, sikuigusa.

Zikajizima, zikaamka, na hazikumtaka mtu. Domeini ya zamani zimeshatoka, mpya hazijaingia, akaunti ya ndani imefungwa. Wagonjwa wamepanga mstari, madada wa mapokezi wananikodolea macho. Nilikupigia simu nikilia. Ulishuka, ukazitazama moja moja, hukupandisha sauti. Ulijaribu kuziamsha kwa flashi yako zikakataa, kwa sababu aliyezisimika zamani alikuwa amezifunga kwa neno la siri na kuondoka nalo. Zilitaka kufunguliwa juu ya meza yetu hapa Kisenyi, penye vifaa. Lakini kitu kikitoka geti la hospitali lazima kiwe na karatasi ya mkuu wa utawala, naye angeuliza sababu. Na wiki ile ile alikuwa amesema, mbele yako na mbele yangu, kwamba haelewi huyu mwanamke anatafuta nini kwenye kazi ya kompyuta.

Ukavua shuka kwenye kitanda cha magurudumu, ukazifunga mashine tatu kama mama anavyofunga nguo za kufua, ukaniambia: "Wewe baki. Bakikuuliza, sema Bahati njo amebeba. Hii ni kosa ya mashine, haiko yako." Ukatokea mlango wa nyuma, ukaita bodaboda. Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyoniambia mimi. Mengine uliwaambia wao.

Mkuu wa utawala alikuja kabla hata dakika tano hazijapita. Akaona meza tatu tupu, akauliza kompyuta ziko wapi. Nikasema, "Bahati amezibeba." Basi. Sikuongeza kwamba zimekwenda kutengenezwa. Sikusema zimekwama kwa mkono wangu. Maneno yalikuwa hapa kooni, nikayameza kwa aibu, na kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa umeniruhusu kuyameza. Akamwita askari wa geti. Askari akatoka mbio.

Hukuwa umefika mbali. Shuka lilikuwa limelegea, ukamsimamisha mwendesha bodaboda pale kwenye kituo cha bodaboda, mbele ya wakaanga chapati, umeshuka unalikaza. Askari akapaza neno moja la Kiganda, mubbi, mwizi. Kampala hilo neno linatosha. Watu walitoka hata kwa kinyozi na povu kwenye mashavu.

Nilisikia ngurumo ya watu nikiwa mapokezi, nikakimbia. Nilipofika walikuwa wameshakuangusha. Nitaandika nilichokiona, kwa sababu kila mtu anasema "yale yaliyotokea" na hakuna anayetaja yalikuwa nini. Mwanamume mmoja alikuwa akikupiga kwa ubao wenye msumari, na ubao ukinasa alikuwa anakukanyaga ili auchomoe. Mwingine alikuwa amevua mkanda, anakuchapa na upande wa chuma. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikupiga teke la mdomo, kiatu kikamvuka, akakiokota, akakivaa, akarudi kuendelea, na mtoto analia mgongoni. Meno yako yalitoka. Sikio lilikuwa linaning'inia. Na wewe, mjinga wewe, ulikuwa umelala juu ya lile shuka, umelikumbatia, unazikinga mashine zisipigwe.

Wakakuuliza umeziiba wapi. Kwa hofu, Kiganda chote nilichokufundisha kikakutoka, ukajibu kwa Kiswahili: "Mimi si mwizi. Ni kazi. Ni kazi ya hospitali."

Nilikuambia mara ngapi? Ukizungukwa, sema Kiganda, hata kibovu. Mimi nimezaliwa na Kiswahili, babu zangu walikuja nacho kutoka pwani, nyumbani kwetu tunagombana nacho na tunabembelezana nacho, lakini mama alitufunza tangu wadogo kukiacha mlangoni tukitoka. Katika mji huu kuna watu wazima ambao Kiswahili walikisikia mara ya kwanza kwa mwanajeshi aliyewaamuru walale kifudifudi, au kwa jambazi mwenye bunduki aliyevunja mlango wao. Wewe ulitoka mahali ambapo ni lugha ya sokoni na ya kanisani. Hukuwahi kuamini kwamba inaweza kumtisha mtu. Uliposema "mimi si mwizi", mzee mmoja karibu yangu aliguna akasema, mmemsikia, ni wale wale. Wakaongeza nguvu.

Boksi la kiberiti likapasuka. Betri zako zikamwagika kwenye lami, zinang'aa ndani ya damu, watu wakadhani ni sarafu, wakainama kuziokota. Walikuwa wanakuua huku wanaokota. Nilitamani niwe na petroli, Kaka. Nilitamani niwachome wote na kituo chao na mabanda yao na barabara yote ya Ggaba mpaka ziwani. Bado natamani, siku nyingine, ninapopiga mswaki.

Sasa ninafika pale ambapo nimekuwa nikipakwepa.

Alikuja mwanamume mwenye tofali. Ni fundi wa matairi, kibanda chake kiko pale pale kituoni mpaka leo. Aliinua tofali kwa mikono miwili, akaona beji ya hospitali shingoni mwangu, akasita. Akaniuliza: "Omumanyi?" Unamjua? Aliniuliza kwa dhati. Mikono ilikuwa juu na ilikuwa imesimama, na wengine walinigeukia. Wewe ukafungua jicho, lile moja lililokuwa bado linafunguka, ukanitazama. Nikasema, simumanyi. Simjui. Nilisema kwa Kiganda safi, cha mtu anayepita zake kwenda dukani. Akalishusha tofali kichwani mwako, akaliinua, akalishusha tena.

Hivyo ndivyo ulivyokufa. Sio askari, sio ubao. Kulikuwa na nafasi ya neno moja na nafasi hiyo nilipewa mimi.

Polisi walikuja wakakupakia nyuma ya gari. Mimi niliinama nikaokota betri moja iliyobaki kwenye ufa wa lami. Ninayo kwenye pochi.

Yaliyobadilika tangu uondoke ni haya. Kule hospitalini jina lako ni mwizi. Makindye mlikopanga, mwenye nyumba amemwambia mkeo, Mama Neema, atafute pengine, hataki familia ya namna hiyo kwenye ua wake. Kanisani kwenu walikuja watu sita kukuzika, nami sikuwa mmoja wao, nilisimama ng'ambo ya barabara nimejifunika mtandio mpaka puani. Neema wako, yule mpole, amemng'ata msichana mwenzake shuleni mpaka nyama ikaachia, kwa kuitwa mtoto wa mwizi. Nilipoambiwa nilifurahi. Kisha nikatapika.

Na mimi, kazi walinipa mimi. Walisema nimalizie, kwa kuwa naijua. Kompyuta zote zilizobaki nimeziingiza peke yangu. Skripti nimeirudisha kama ulivyoiandika, kila mstari mahali pake, na kila chumba nimeanza na moja, nikanywa chai, vikombe viwili, chako nakimwaga dirishani. Zile tatu zilirudi. Mbili zilikuwa zimepasuka, hazina maana tena. Ya tatu ilikuwa imebonyea ubavuni, lakini niliifungua na kuisafisha damu yako kwenye feni kwa mswaki, nikaiwekea betri mpya ya saa, nikaandika amri ya kuiingiza, Add-Computer, na jina la domeini, nikabonyeza. Ikajizima, ikaamka, ikamkubali dada wa mapokezi. Ilichukua dakika saba. Ndiyo kazi ambayo ungeimaliza mezani kwetu kabla ya magharibi, na hakuna mtu angejua.

Hiyo ilikuwa juzi. Nilitoka pale nimeshika begi la vifaa, macho makavu, nikapita getini. Askari yule alikuwa amekaa kwenye kiti chake anasikiliza redio, anacheka kitu alichosikia. Sijui kilichonipata. Najua tu kwamba nyundo ilikuwa mkononi. Nilimpiga akaanguka na kiti, nikasikia mfupa, na nisiseme uongo, ulinipendeza mlio wake. Nikainua tena, kwa kichwa. Hakujikinga. Alishika bega, akanitazama kutoka chini, akaniita bibi kwa Kiganda, akasema kwa Kiswahili chake cha barabarani: "Nnyabo, mimi nilitumwa tu. Nani alisema Bahati amebeba? Si ni wewe?"

Nikaishusha nyundo. Askari angeweza kupaza lile neno lake. Nilikuwa na nyundo na begi la vifaa vya watu, nimemwaga damu getini, barabara imejaa. Wangekuja wale wale na ningelala ulipolala. Hakulipaza. Aliokota redio yake akaniambia niende nyumbani.

Sikwenda nyumbani. Nilirudi ndani. Unakumbuka skripti yako ina tabia ya kuandika: kila ikiita kompyuta, inaweka kwenye faili jina la kompyuta, saa, jina la aliyeiendesha, na kama imefaulu au imekwama. Ulisema uliipa kazi hiyo kwa sababu binadamu husahau na kujipendelea. Mistari mitatu ya siku ile ina jina langu. Nimeifungua faili ile mara nyingi kwa nia ya kuifuta, na kila mara niliifunga nikijiambia kesho. Juzi niliichapisha. Nikaiweka mbele ya mkuu wa utawala nikamweleza mstari kwa mstari, kwamba hukuiba, kwamba kompyuta zilikuwa zimekwama kwa kosa langu na ulikuwa unanisitiri. Alisoma, akafuta miwani yake, akasema nimkabidhi beji. Hakusema chochote juu yako, nikamwambia sitoki mpaka aandike barua kwamba hukuwa mwizi. Aliiandika. Mistari miwili, shingo upande, lakini ina muhuri.

Jana asubuhi nilipeleka nakala kituo cha polisi nikatoa maelezo, pamoja na ya nyundo. Wakaandika, wakasema nitaitwa. Kisha nikaenda Makindye.

Mama Neema alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Nilimpa barua, nikapiga magoti, nikamwambia yote, kwanza ile Y, halafu "Bahati amezibeba", halafu simumanyi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipiga kofi, akanipiga lingine, akachukua mchi akanitwanga nao mgongoni, mara tatu, mara nne, majirani wanatazama, Neema anatazama kutoka mlangoni. Sikujikinga. Naandika hivi nimekaa upande kwa sababu siwezi kuegemea kiti. Alipochoka aliketi chini, mchi mapajani, akasema: "Uende useme kule kwenye balimuulia. Saa ile ile. Na useme mu Kiswahili yake." Mimi nikaanza kulia. Akaniambia nikalilie kwetu.

Kwa hiyo leo saa tisa nitakuwa Kansanga, pale kituoni. Mama yangu amenikataza. Ameniambia, "Watakuua, na sisi tutakuzika na jina lile lile la mwizi." Huenda. Naogopa, na hasira bado ninayo, usidhani nimekuwa mtakatifu. Nyundo nimeiacha hapa juu ya meza ili nisiwe nayo.

Nimechemsha chai ya tangawizi, nimeijaza kwenye chupa yako. Siendi kuhutubia kituo kizima, mdomo ungenitoroka kama ulivyonitoroka siku ile. Moja kwanza. Nitaanza na yule fundi wa matairi. Nitasimama mbele ya kibanda chake, nitamimina vikombe viwili niviweke juu ya tairi, nitamkumbusha swali aliloniuliza akiwa na tofali juu.

Lala, Kaka Bahati. Ulinifungulia mlango wa kazi ambao wote walinifungia, na nilikulipa kwa kukufungia nje. Nakuahidi hili moja, hata akiwa ameshika kitu mkononi, hata wakinizunguka: nitamjibu upya, kwa Kiswahili, mpaka wakaanga chapati wasikie. Namjua. Anaitwa Bahati, na kompyuta zile nilizivuruga mimi.

Dada yako,
Zubeda